Pini, Sahani na Utingo: Tela Katika Barabara za Masasi na Newala

Ukisoma historia ya uchukuzi wa kusini utaikuta bandari ya Mtwara, utaikuta reli ya Nachingwea, utalikuta Daraja la Mkapa. Pini huikuti. Mimi nilianza kama utingo, nikapanda hadi kwenye usukani, na naona historia hiyo imeanzwa kuandikwa upande usiofaa. Ningeanza pale lori na tela vinaposhikana, maana palipolegea hapo, bandari na daraja havikusaidia kitu.

Kwetu ni Chiungutwa, kati ya Masasi na Newala. Masasi iko chini, kwenye majabali yake. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale wageni wanapopelekwa Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma. Mzigo wa Newala ukija Masasi lazima ushuke ukingo huo, na ukipakiwa huko juu unapakiwa kwenye udongo wa kichanga. Mteremko na mchanga ndio walimu wetu wa kwanza. Chuo kilikuja baadaye sana, na kilikaa Dar es Salaam.

Zamani mzigo ulikuwa wa mabegani. Wamisionari wa UMCA walipofika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, walikuja kwa miguu kutoka pwani na wapagazi wao. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alikaa Newala akikusanya vitu vya makumbusho ya Leipzig. Masanduku yake nayo yalibebwa na watu. Mpagazi akichoka alitua mzigo. Tela halitui lenyewe, linatuliwa, na tutafika huko.

Mashine zilikuja kwa wingi na karanga. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na kwetu kusini, Nachingwea. Yakaja matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Mjomba wangu alichukuliwa kazi huko akiwa kijana, kazi ya kufunga na kufungua tela za trekta. Sisi watu wa kusini mjomba ndiye mzazi wa kukufundisha kazi, kwa hiyo aliyoyapata Nachingwea yalinifikia mimi hata kabla sijazaliwa, tuseme hivyo. Mradi ulikufa mwaka 1951, baada ya kula paundi milioni 36 hivi. Ikabaki bandari ya kina kirefu Mtwara, ikabaki reli, wakabaki vijana wanaojua spana.

Sasa angalia mambo yalivyopishana. Reli ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa, kwa sababu haikuwa na mzigo wa kutosha. Na miaka hiyohiyo mikorosho iliyopandwa Newala na Masasi ilikuwa inakua! Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka kwetu. Mzigo ambao reli iliungoja ulikuja baada ya reli kuondoka, ukabebwa na lori. Lori moja halikutosha, likafungiwa tela nyuma.

Lakini iliyotufundisha tela kubwa ilikuwa Zambia. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru Rhodesia, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini si ya kutegemea tena. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ya serikali mbili na Waitaliano, na Fiat zenye tela zikaanza kupeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba Dar es Salaam. Waingereza waliiita njia ile barabara ya jehanamu, kwa vumbi, matope na mizoga ya malori. Bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 mafuta yakahama barabarani, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Mjomba alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuzifuata Fiat. Alirudi na mambo mawili: ujuzi wa kushuka mteremko wa Kitonga na masharti ya pini.

Gari la namna ile tunaliita pulingi: lori kamili lenye mzigo wake, na tela linalosimama kwa tairi zake lenyewe, mbele na nyuma. Ekseli ya mbele ya tela inageuka, na imefungwa kwenye chuma kirefu chenye pete. Nyuma ya lori kuna mdomo na tundu la pini. Kwa miaka mingi kazi ilifanywa hivi: dereva anarudi nyuma, utingo amesimama katikati ameishika pete, anailenga mdomoni, anaangusha pini. Waliopoteza vidole ndio waliobahatika. Wengine walibanwa kifua.

Sharti la mjomba lilikuwa kwamba gari likisogea, hakuna mtu katikati. Tairi za tela zinawekewa magogo, mbele na nyuma. Chuma kinainuliwa na kuegemezwa kwenye kipande cha mti hadi kilingane na mdomo. Utingo anatoka, anasimama kando mahali dereva anapomwona kwenye kioo. Akipotea kwenye kioo, dereva anasimama. Hapunguzi mwendo, anasimama. Pete ikishaingia na gari limetulia kwa hendibreki, ndipo utingo anakwenda kuifunga pini na kishikizo chake cha chini, halafu mnyororo, halafu mipira ya upepo na nyaya za taa. "Mpwa wangu," alikuwa akiniambia, "pini utapewa nyingine. Mkono hupewi."

Katika vijiji vilivyoanzishwa miaka ya 1970 sharti hilo lilipata mtihani. Trekta la kijiji lilivuta tela la magunia mpaka ghala la chama, na pini ya kiwandani ikipotea iliwekwa nondo, nondo ikafungwa kwa waya. Nondo haina kichwa cha kuizuia isipande, wala chuma chake si cha kubeba mkato ule. Kila shimo la njia linaisukuma juu kidogo. Nawalaumu mafundi kwa hilo kidogo sana. Spea hazikuwepo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 korosho zenyewe zilishashuka, hazifiki hata tani 20,000 kwa msimu: watu walikuwa wamehamishwa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga umeingia mashambani.

Miaka hiyohiyo ya uhaba wa dizeli ndiyo iliyoeneza ugonjwa wa nyutro. Dereva akifika kwenye mteremko anatoa gea, gari linajiendea, lita chache zinabaki tangini. Wengine walizima hata injini. Injini ikiwa nje ya gea haikushikii gari, kazi yote inabaki kwa breki, na breki zikipata moto zinalegea. Ukizima injini, pampu ya upepo nayo imelala. Kila unapokanyaga unatumia upepo usiorudi. Na tela lina uzito wake na haraka yake: lori likizuiwa na tela likaachwa huru, linasukuma, linakuja ubavuni, gari linajikunja. Kwa hiyo gea ndogo huingizwa juu, kabla ya kushuka. Ukifika katikati ya mteremko wa Newala ndipo unaitafuta, umechelewa, na pengine haiingii tena.

Semi zilipokuja kwa wingi, kazi ya kufunga ilibadilika. Kichwa, yaani gari la mbele, hakibebi mzigo wake, kina sahani ya chuma nyuma, na tela halina tairi za mbele, lina miguu ya kusimamia likiachwa, na pini inayoning'inia chini ya bamba lake. Ufundi huu si mpya duniani; mfua chuma mmoja wa Detroit, August Fruehauf, aliunda tela la namna hiyo mwaka 1914 ili Ford ya mteja iweze kuvuta mashua. Hapa watu waliupokea kwa furaha kwa sababu hakuna tena wa kusimama katikati. Kweli. Ila hatari haikuondoka, imejificha tu mahali pasipoonekana kirahisi.

Kichwa kinarudi polepole, kimenyooka na tela, na bamba linatakiwa kuwa chini kidogo ya sahani, ili sahani ikiingia ilinyanyue tela. Tela likiwa juu mno, pini inakaa juu ya meno ya sahani bila kuingia sawasawa, na kwa mwenye haraka gari linaonekana limefunga. Mlio wa kufunga usikutoshe. Weka gea ya chini, breki za tela zikiwa zimeshika na miguu yake ingali chini, uvute taratibu. Likikataa kuachana, shuka. Chukua tochi uingie chini. Kati ya sahani na bamba pasipite mwanga. Meno yawe yameikumbatia pini kwa nyuma, wenzo uwe umerudi ndani kabisa. Kisha unganisha mpira mwekundu unaoleta upepo, na wa njano unaopeleka amri ya breki, na waya wa taa. Miguu inapandishwa mwisho. Nimeona vijana wanaanza na miguu kwa sababu ndiyo kazi inayochosha, wanataka kuimaliza.

Tangu lami ya Songea, Tunduru na Mangaka ikutane na yetu, Masasi inapitiwa na semi za makaa ya mawe kutoka Ruvuma, kwanza kwa ajili ya kiwanda cha saruji cha Dangote kilichoanza Mtwara mwaka 2015, baadaye kwa meli za bandarini. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari na mzigo wake hadi tani 56. Nikikaa Masasi nikizitazama, nyingi zina mtu mmoja ndani. Utingo ameondolewa kama gharama. Hesabu ya ofisini naielewa, lakini yeye ndiye aliyekuwa jicho la pili: dereva alisema amefunga, utingo alikwenda kuangalia, na hakuondoka mpaka aridhike. Dereva wa peke yake, saa nane za usiku, anajikagua mwenyewe.

Kwa upande wa korosho, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 tela huachwa maghalani siku kadhaa zikingoja mnada na zamu ya kushusha, na mvua za kwanza huanza kunyesha katikati ya msimu. Hapo ndipo mchanga wa uwandani unapodai chake. Mguu wa tela lililojaa ukisimamishwa juu ya mchanga mkavu unashuka usiku mmoja. Mvua ikinyesha unazama upande mmoja, na kichwa kikirudi asubuhi hakikuti bamba pale kilipoliacha. Zamani tulitembea na vipande viwili vya mbao nene chini ya bodi, kwa ajili ya miguu hiyo tu. Magari mengi ya siku hizi hayana. Msimu unafunguliwa Oktoba, na ninayemfahamu kwenye ghala moja huko juu nimeshamwambia azitafute mbao hizo mapema, zisizopungua upana wa kiatu cha mtu mzima kila upande wa mguu wa tela, na asikubali dereva aondoe kichwa kabla hazijalala sawa.