Je, Uhai wa Duniani Umetoka Nje ya Dunia? Hukumu ya Kuisoma Nadharia Hii, na Funzo la Kimondo cha Ivuna

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Baada ya sala ya Alasiri hapa Amani, Unguja, alitujia kijana wa sekondari na daftari lake la Baiolojia. Wamesomeshwa nadharia za asili ya uhai, na mojawapo inasema kuwa uhai uliletwa duniani na vimondo. Jamaa yake mmoja alimwambia kuwa akiyaandika hayo kwenye mtihani atakuwa ametoka katika Uislamu. Mwengine akamuonyesha video ya simuni inayodai kuwa Qur'ani imeshaithibitisha nadharia hiyo zamani. Kijana akauliza: aliache suali hilo siku ya mtihani, ama alijibu? Na je, imani yake iko salama?

Tumeona jawabu hili liwafae na wengine, kwa sababu khofu ya kijana huyu si ndogo. Mtu akitishwa kuwa skuli na dini haviwezi kukaa pamoja, huenda akaacha kimoja, na vyote viwili anavihitaji.

Nadharia yenyewe inasema nini

Wataalamu wanaiita panspemia, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "yote" na "mbegu". Mwaka 1871 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Kelvin, alisema mbele ya wataalamu wenzake kuwa huenda vimondo vilibeba mbegu za uhai hadi duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Svante Arrhenius wa Sweden alieleza kuwa vijidudu vidogo vinaweza kusukumwa na mwanga wa nyota angani. Mwaka 1973 Francis Crick na Leslie Orgel walileta dhana nyengine: kwamba huenda viumbe wenye akili walikituma kijidudu hicho kwa makusudi.

Kwa hiyo ndani ya jina moja mna madai matatu, na lazima tuyatenganishe. La kwanza ni kuwa malighafi za uhai zilitoka angani. La pili ni kuwa kiumbe hai chenyewe, mfano wa bakteria, kilitoka angani. La tatu ni kuwa kuna waliokileta.

Jiwe la Ivuna

Watu wengi hudhani kuwa mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Ukweli ni kuwa jiwe mojawapo maarufu zaidi katika utafiti huu liliangukia katika nchi yetu. Tarehe 16 Disemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, sehemu ambayo leo imo katika Mkoa wa Songwe. Mkoa huohuo ndio wenye Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma wanalolijua wanafunzi wengi. Cha Ivuna ni kidogo mno: vipande vilivyookotwa vilikuwa na gramu 705 tu, hata kilo moja ya sukari haifiki. Lakini ni jiwe la aina adimu sana, lenye kaboni na maji yaliyofungika ndani ya madini, na umri wake ni kiasi cha miaka bilioni 4.5. Kundi zima la vimondo vya namna hii huandikwa CI, na hiyo herufi I ni ya Ivuna.

Mwaka 1961 watafiti wawili wa New York, George Claus na Bartholomew Nagy, waliandika kuwa wameona ndani ya jiwe la Ivuna na la Orgueil, lililoanguka Ufaransa mwaka 1864, chembe zinazofanana na mabaki ya vijidudu. Khabari ikaenea. Wenzao walipochunguza tena wakakuta kuwa baadhi ya chembe hizo ni chavua ya mimea ya hapahapa duniani iliyoingia baadaye, na nyengine ni punje za madini tu. Mwaka 1964 likagundulika kubwa zaidi: kipande kimoja cha Orgueil kilichohifadhiwa katika chupa kilikuwa kimepachikwa mbegu za mmea kwa gundi, kisha zikafichwa kwa vumbi la makaa. Kuna mtu aliyefanya mzaha au hila, na haikujulikana kwa karibu miaka 100.

Hata hivyo, jiwe halikutupwa. Mwaka 2001 uchunguzi wa makini zaidi ulionyesha kuwa Ivuna na Orgueil yana asidi amino, yaani vipande vidogo ambavyo protini za miili yetu hujengwa navyo. Kisha tarehe 24 Septemba 2023 chombo cha Marekani kilileta gramu 121.6 za udongo kutoka asteroidi inayoitwa Bennu. Mwezi wa Januari 2025 watafiti walitangaza kuwa ndani yake mna aina 14 kati ya 20 za asidi amino zinazotumiwa na viumbe hai. Kiumbe hai hakikuonekana humo.

Malighafi si nyumba

Hapa ndipo video za simuni zinapowapoteza watu. Ukikuta boriti, mawe na chokaa vimeshushwa bandarini Malindi, huwezi kusema kuwa jahazi limeleta nyumba. Nyumba inataka fundi, mpango na kazi. Dai la kwanza, la malighafi, lina ushahidi mzuri. Dai la pili, la kiumbe hai, mpaka sasa halina ushahidi uliothibiti. Dai la tatu ni dhana tupu.

Na lau dai la pili lingethibiti kesho, lingetujibu suali gani? Mkarafuu si mti wa asili wa Unguja wala Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na kwetu uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kujua kuwa uliletwa ni elimu yenye manufaa, lakini hakumwambii mtu ni nani aliyeuumba mkarafuu. Hivyohivyo, kusema uhai umetoka sehemu nyengine ni kulihamisha suali la chanzo mahali pake, na bado litabaki kuulizwa hukohuko.

Qur'ani inasema nini, na nini haikusema

Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 30, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa kila kilicho hai amekijaalia kutokana na maji. Haikutajwa kuwa ni maji ya bahari gani. Katika Suratush Shuura, aya ya 29, ametaja viumbe aliowatawanya mbinguni na ardhini. Ibn Kathir ameeleza kuwa wanaingia humo malaika, majini, watu na wanyama wa kila namna. Aya hiyo haikanushi kuwepo viumbe nje ya dunia, wala haisemi kuwa wao ndio asili yetu.

Wenye video wanashika Suratul Hadiid, aya ya 25, ambapo chuma kimetajwa kwa neno la "kuteremsha", wakasema basi na uhai umeteremshwa vivyo hivyo. Jawabu ni kuwa neno hilohilo limetumika kwa wanyama wa kufuga katika Suratuz Zumar, aya ya 6, na kwa nguo katika Suratul Aaraaf, aya ya 26. Hakuna aliyeona ng'ombe akishuka kutoka mawinguni. Wafasiri wameeleza kuwa neno hili huja pia kwa maana ya kuneemesha na kuumba. Basi aya haiwezi kufanywa hati ya nadharia ambayo wenyewe walioianzisha bado wanabishana juu yake. Fikiria mtu ambaye mwaka 1961 angesimama juu ya mimbari na kusema Qur'ani imethibitisha vijidudu vya Ivuna. Ilipobainika kuwa ni chavua, angeiweka wapi imani ya waliomsikiliza?

Upande wa pili, Suratul Ankabuut, aya ya 20, inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame vipi alianza kuumba. Kutazama huko ndiko kuchunguza, na anayepima jiwe kwa uadilifu hajavunja amri.

Hukumu

Kwanza, kuamini kuwa baadhi ya malighafi za uhai zilishuka na vimondo kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu hakuna ubaya wowote kiakida.

Pili, kuona kuwa inawezekana vijidudu vilitoka nje ya dunia ni jambo linaloachiwa ushahidi. Hatulikatai kwa jina la dini, wala hatulithibitishi kwa jina la dini.

Tatu, anayeitakidi kuwa uhai hauna Muumba, au kuwa viumbe wengine ndio waumbaji pamoja na Mwenyezi Mungu, huyo amegusa msingi wa tauhidi. Vilevile Nabii Adam (A.S.) ameumbwa kwa udongo kwa maandiko yaliyo wazi, nasi hatuyaachi kwa ajili ya dhana.

Nne, kueleza kwenye mtihani nadharia inavyosema ni kunukuu, na kunukuu si kuitakidi. Sote tunasoma katika Suratun Naaziaat maneno ya Firauni ya kujidai uungu, na msomaji hapati dhambi, bali thawabu. Kwa hiyo kijana wetu na ajibu suali lake kikamilifu na kwa moyo mkunjufu.

Nasaha

Kwa jamaa aliyemtisha: Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kumwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Mtoto anayeuliza huelezwa, na ukiwa hujui, mpeleke kwa anayejua.

Kwa anayesambaza video: Suratul Israa, aya ya 36, inakataza kufuata tusilolijua, na masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kubonyeza kidole kutuma nako kutaulizwa.

Na kwa kijana: soma Baiolojia yako, soma na tafsiri yako. Jiwe la Ivuna lilisubiri miaka 63 tangu kuanguka hadi kupimwa vizuri asidi zake. Nawe usiwe na haraka ya kukubali wala ya kukataa kabla hujapima.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.