Bakteria wanaovunja kemikali za kuzuia moto

KWA miaka mingi, kemikali za bromini zilitiwa katika sponji za makochi na plastiki za televisheni na kompyuta ili zisishike moto upesi. Kasoro ni kwamba nyingi hazikushikamana barabara na plastiki hizo. Zilichomoka, zikaingia katika vumbi, mito na samaki, na hatimaye miilini mwetu. Uswidi, uchunguzi wa maziwa ya akina mama wa kati ya 1972 na 1997 ulionyesha kiwango chake kikiongezeka maradufu takriban kila miaka 5.

Mnamo 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiwemo Jianzhong He na Lisa Alvarez-Cohen, walieleza namna bakteria wanavyozivunja. Bakteria Sulfurospirillum multivorans aliishambulia deka, yenye atomi 10 za bromini, akazing'oa hadi zikabaki 8 au 7. Bakteria wa jamii ya Dehalococcoides hawakuigusa deka, lakini walimenya mchanganyiko uitwao okta hadi zikapatikana kemikali zenye atomi 5, 4 na hata 2. Hawa huishi pasipo oksijeni, kama vile matopeni, na hutumia misombo ya klorini jinsi sisi tutumiavyo hewa. Bromini, ambayo ni jamaa ya klorini, hung'olewa pia.

Habari njema? Si kamili. Deka ni molekuli kubwa, isiyopenya mwilini kwa urahisi. Zile zenye bromini 4 au 5 hupenya, hukaa katika mafuta ya mwili, na huvuruga homoni za tezi zinazohitajika katika ukuaji wa ubongo wa mtoto. Kwa maneno mengine, bakteria aweza kuivunja sumu na kuifanya kali zaidi. Utetezi wa watengenezaji, kwamba deka ni tulivu na haina madhara, ulitikisika.

Wapo bakteria wengine, watumiao oksijeni, wanaoweza kuzishambulia zile zenye bromini chache.

Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama, uliorodhesha penta na okta mwaka wa 2009, na deka mwaka wa 2017. Hata hivyo, makochi na kompyuta kuukuu zingalipo, na zikitupwa jaani, kemikali zilizomo zaweza kuwafikia bakteria wa matopeni.