Kutoka Makala hadi Kitabu: Jinsi Mashine Ilivyofundishwa Kupanga Maarifa

Kamusi elezo na kitabu hubeba maarifa kwa njia mbili tofauti. Kamusi elezo humwachia msomaji uhuru wa kuingia kupitia makala yoyote na kutokea kwenye nyingine, ilhali kitabu humwongoza kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana kugeuza makala za mtandaoni kuwa vitabu kulionekana kazi nyepesi, kisha kukachukua miaka mingi.

Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001, na tangu mwanzo ilikuwa na sifa mbili zilizouandalia uchapaji njia. Sifa ya kwanza ni ya kisheria: makala zake zilitolewa chini ya leseni huru iliyotungwa awali kwa ajili ya miongozo ya programu za kompyuta, na leseni hiyo ilimruhusu mtu yeyote kunakili, kuchapa na hata kuuza, mradi awataje waandishi na kuwaachia wengine uhuru uleule. Sifa ya pili ni ya kiufundi: makala zote ziliandikwa kwa alama za aina moja, hivyo programu iliweza kutambua kichwa cha habari, picha na kiungo bila msaada wa mtu. Kufikia wakati huo mitambo ya kidijitali ilikuwa imeanza kuchapa nakala mojamoja kadiri wanunuzi walivyoagiza, na mchapishaji hakulazimika tena kujaza ghala.

Majaribio ya mapema yalifuata mapokeo ya kamusi elezo yenyewe. Mwaka 2008 kampuni ya Bertelsmann ya Ujerumani ilitoa juzuu moja la karibu kurasa 1,000, lenye vidahizo vilivyofupishwa kutoka Wikipedia ya Kijerumani. Uteuzi ulizingatia maneno yaliyotafutwa zaidi na wasomaji, na mpangilio ulikuwa wa alfabeti. Swali la kipi kitangulie na kipi kifuate halikuhitaji kujibiwa, kwa kuwa alfabeti ilikuwa imekwisha kulijibu.

Njia nyingine ilikuwa imeanza kuandaliwa mwaka uliotangulia. Mwezi Desemba 2007, shirika la Wikimedia, linaloiendesha Wikipedia, na kampuni ndogo ya PediaPress ya mjini Mainz zilitangaza ushirikiano, na kutokana nao kikapatikana chombo kilichomwezesha msomaji kukusanya makala alizozitaka, kuzigawa katika sura na kupakua faili au kuagiza nakala iliyochapwa. Kufikia mwaka 2009 chombo hicho kilikuwa kimeingia katika Wikipedia ya Kiingereza. Mashine ilipanga kurasa na kuandaa orodha ya yaliyomo, lakini kuchagua na kupanga makala kulibaki kazi ya binadamu. Maelfu ya mipangilio ya vitabu iliyohifadhiwa na wasomaji ilikuja kuwa na thamani ambayo wakati huo haikuonekana.

Katika kipindi hichohicho, kampuni ya VDM ya Saarbrücken, kupitia chapa kama Alphascript, ilitoa vitabu vingi mno vilivyojazwa makala za Wikipedia na kuviuza ghali. Wapo waliolaumu leseni kwamba ilikuwa huru kupita kiasi. Wengine waliona chanzo ni uchapaji wa kuagiza ulioungana na maduka ya mtandaoni, kwa kuwa kuorodhesha kitabu kipya kuligharimu kidogo sana kabla mnunuzi hajajitokeza. Maelezo ya pili yana uzito zaidi, kwa sababu leseni huru ilikuwepo tangu 2001, ilhali wimbi la vitabu lilikuja baada ya biashara hiyo kukomaa. Hata hivyo, somo lenyewe halibadiliki: makala zilizorundikwa chini ya jalada moja bila uamuzi wa mhariri hazimsaidii anayetaka kujifunza.

Mwaka 2015 msanii Michael Mandiberg wa Marekani aliupeleka ukusanyaji hadi mwisho wake. Aliandika programu iliyoigeuza Wikipedia nzima ya Kiingereza kuwa juzuu 7,473, kila moja likiwa na kurasa 700, ingawa ni sehemu ndogo tu iliyochapwa na kuonyeshwa New York. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba wingi haukuwa tena kikwazo kwa mashine. Kilichobaki ni uteuzi na mpangilio.

Kufikia mwaka 2017 chombo cha kutengenezea faili za vitabu katika Wikipedia kilikuwa kimezimwa. Sababu ilikuwa programu iliyochakaa na iliyo ngumu kutunza.

Vitabu vilivyokuwa vimepangwa na wasomaji havikupotea bure. Mwaka 2018 Shahar Admati, Lior Rokach na Bracha Shapira wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, walieleza mfumo waliouita Wikibook-Bot, uliojifunza kutoka vitabu hivyohivyo. Mfumo ulipopewa kichwa cha kitabu, ulitafuta makala zinazohusiana nacho kwa kufuata viungo, ukachuja zisizofaa, ukazigawa katika sura, kisha ukaamua ipi itangulie ndani ya sura na sura ipi itangulie nyingine. Ili kuupima, watafiti walilinganisha matokeo yake na kazi za watu.

Tukiifuata historia hii hatua kwa hatua, tunaona kwamba uchapaji ulitatuliwa kwanza, ukusanyaji ukafuata, na mpangilio ukaja mwisho. Hata hapo, mashine ilijifunza kupanga kutoka kwa wasomaji waliokuwa wamekaa na kujiuliza mwanafunzi aanze na nini. Kwa hiyo jamii inayotaka mashine ziiandalie vitabu kwa lugha yake inapaswa kuandika makala nzuri, kisha kuzipanga kwa mikono yake, maana mpangilio huo ndio mwalimu wa mashine.