Ngoma ya Adui

Mke wangu hapendi filamu za vita. Nikiwasha televisheni kutazama zile za kumbukumbu, zenye picha halisi za miaka ile, yeye huondoka sebuleni. Asema maiti hawatazamwi mara mbili. Mimi hubaki.

Katika zote nilizoziona, iliyonishika zaidi ni The World at War, mfululizo wa sehemu 26 uliotengenezwa na Thames Television ya Uingereza na kuonyeshwa mwaka 1973 na 1974. Hauanzi na mizinga, wala Hitler akihutubia. Waanza na kijiji kitupu cha Ufaransa, Oradour-sur-Glane, ambako tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS waliwaua watu zaidi ya 640: wanaume waliwapiga risasi mabandani, wanawake na watoto wakawachoma kanisani. Magofu yake yamehifadhiwa hadi leo.

Kwa miaka mingi nilikitazama kijiji hicho nikijua vyema nani ni nani: muuaji Mjerumani, maiti Mfaransa. Baadaye nikasoma habari za kesi iliyosikilizwa Bordeaux mwaka 1953, na hesabu yangu ikavurugika. Washtakiwa waliofika mahakamani walikuwa 21, na 14 kati yao walikuwa watu wa Alsace, raia wa Ufaransa! Kumi na watatu walikuwa wameingizwa jeshini kwa nguvu. Alsace ilitwaliwa na Ujerumani mwaka 1871, ikarudi Ufaransa baada ya vita vya kwanza, ikatwaliwa tena mwaka 1940, ikarudi tena vita vya pili vilipokwisha. Mzee aliyezaliwa huko kabla ya 1870 aliweza kubadilishwa taifa mara nne bila kuhama nyumba. Bunge la Ufaransa likawasamehe wale 13, na watu wa Oradour wakaona wamesalitiwa. Sijui ningekuwa bungeni siku ile ningepigia kura upande gani.

Watu wakitaja urithi wa pamoja wa Ulaya, husifu makanisa makuu, vyuo vikuu na muziki. Ni kweli. Lakini kila aliyewahi kugawana mali ya marehemu anajua kwamba urithi huja na madeni yake. Strasbourg, mji mkuu wa Alsace, ndiko lilikowekwa Baraza la Ulaya mwaka 1949, na naona hapakuwa na mahali panapofaa zaidi. Mwaka 1972 Baraza hilo likachagua muziki wa Beethoven uwe wimbo wa Ulaya.

Tena huyo Beethoven! Tangu mwaka 1941 BBC ilikuwa ikitangulizia matangazo yake kwa nchi zilizotekwa mapigo manne ya ngoma, matatu mafupi na moja refu. Kwa alama za Morse hiyo ni herufi V, ya ushindi. Na ndivyo inavyoanza Simfoni yake ya Tano. Mfaransa aliyejifungia na redio yake gizani, akiomba Wajerumani waondoke, alitiwa moyo na mzaliwa wa Bonn.

Hilo nilimsimulia mke wangu. Jioni ile alirudi, akasimama mlangoni, akataka kuisikia hiyo ngoma.