Sikio la Mtahini

Mwaka 1913 watu watatu walilipa pauni tatu kila mmoja, wakaketi London kufanya mtihani mpya wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Uliwalenga wageni waliotaka ushahidi kwamba Kiingereza chao kinatosha kukifundisha makwao. Mtihani wenyewe ulikuwa wa saa 12. Watatu hao walitafsiri Kifaransa au Kijerumani kwenda Kiingereza, wakatafsiri na Kiingereza kwenda huko, wakaandika insha, wakajibu maswali ya fasihi kwa saa tatu nzima, wakatakiwa pia kueleza sauti za Kiingereza zinavyoundwa kinywani. Mdomo ulitengewa saa moja tu: nusu saa ya imla, nusu saa ya kusoma kwa sauti na kuzungumza na mtahini.

Wote watatu walifeli.

Saa moja kati ya 12 inaonekana kidogo, lakini wakati ule ilikuwa ukarimu. Karatasi haina matata. Unaisahihisha, anaisahihisha mwenzako, unaifungia kabatini, na mtahiniwa akilalamika unaitoa tena. Neno likishatamkwa limekwenda. Linabaki kwa aliyelisikia, naye huenda ana njaa, ana haraka, na ana masikio aliyolelewa nayo. Historia yote ya mtihani wa kuzungumza Kiingereza ni mvutano juu ya sikio hilo: la nani, limefunzwa na nani, na nani atalisahihisha likikosea.

Mtihani wa Cambridge ulikaribia kufa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 watahiniwa walikuwa 15 hivi, idadi isiyojaza hata darasa moja. Aliyeunusuru ni Jack Roach, ofisa wa bodi ya mitihani ya chuo hicho, aliyeutangaza nje na kupunguza mazito yake. Karatasi ya fonetiki ilifutwa mwaka 1932. Roach alikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha: alama za mazungumzo hakuziamini. Akaanza kuwaweka watahini wawili mbele ya mtahiniwa mmoja, kila mmoja atoe alama bila kumwuliza mwenzake, kisha alama zilinganishwe. Ripoti yake kuhusu majaribio hayo ilitoka mwaka 1945, na bado inatajwa na wataalamu wa upimaji wa lugha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bodi ile kumtahini mtahini.

Kwingineko hakuna aliyejali kama kipimo ni cha haki, maana hakikuwekwa kwa ajili hiyo. Sheria ya uhamiaji ya Australia ya mwaka 1901 ilimruhusu ofisa wa bandarini kumsomea mgeni imla ya maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua ofisa. Wazo lilitoka Afrika, koloni la Natal, ambako sheria ya mwaka 1897 ilidai mgeni aandike maombi yake kwa lugha ya Ulaya. Mgeni asiyetakiwa Australia, hasa mtu wa Asia, akionekana anakijua Kiingereza, ofisa alimsomea kitu kingine. Baada ya mwaka 1909 hakuna aliyefaulu hata mmoja.

Kituko kikubwa kilitokea mwaka 1934. Egon Kisch, mwandishi wa habari mzaliwa wa Prague na mpinzani mkali wa Hitler, alizuiwa kushuka melini. Meli ilipofika Melbourne aliruka kutoka juu ya sitaha hadi gatini, akavunjika mguu. Sydney wakamfanyia imla. Kwa kuwa alizijua lugha nyingi za Ulaya, walimtafutia Kigaeli cha Uskoti, lugha ya watu wachache mno hata huko Uingereza. Alifeli, bila shaka. Mahakama Kuu ikaamua kwamba Kigaeli hicho si lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, uamuzi uliowaudhi Waskoti kweli kweli. Imla yenyewe iliendelea hadi mwaka 1958.

Huku kwetu, miaka hiyohiyo, upepo ulivuma kinyume pia. Bwana shauri kijana aliyeletwa Tanganyika au Kenya alitakiwa afaulu mtihani wa Kiswahili wa ngazi ya chini, na mwenye tamaa ya kupanda aliendelea na wa ngazi ya juu. Kulikuwa na kuandika, kutafsiri, na kuzungumza. Kwa hiyo kuna Waingereza waliotoka jasho mbele ya mtahini wakihofia ngeli na viambishi, kazi yao ikining'inia kwenye jibu. Ni kipande cha historia kisichosimuliwa sana.

Waafrika nao walipimwa kwa Kiingereza, tena kwa ukali zaidi. Mtihani wa Cambridge wa sekondari ulifika Afrika Mashariki ukiwa na maswali yaliyotungwa Uingereza, na utaratibu huo ulianza kubadilika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1967. Ngugi wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, anamkumbuka mwanafunzi mwenzake aliyepata alama za juu katika masomo yote ya mtihani wa kuingia sekondari isipokuwa Kiingereza. Akahesabiwa kuwa amefeli mtihani mzima. Aliishia kuwa utingo wa basi. Ngugi, ambaye masomo yake mengine yalikuwa ya kawaida lakini Kiingereza alikifaulu vizuri, akapata nafasi Alliance High School.

Marekani ilianza mapema, ikakata tamaa mapema. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliwafungulia mlango wanafunzi wa kigeni, na vyuo vikashtuka kupokea vijana wasioelewa mihadhara. Mwaka 1930 bodi ya mitihani iitwayo College Board ikaleta mtihani wa Kiingereza wenye sehemu ya mazungumzo ana kwa ana. Mdororo mkuu wa uchumi ukaingia, watahiniwa wakapungua, na katikati ya muongo huo mtihani ukaachwa. TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza kwa wanafunzi wa kigeni, ilipoanza mwaka 1964 haikuwa na mazungumzo hata kidogo. Ilikuwa enzi ya maswali ya kuchagua jibu na mashine za kusahihisha, na mazungumzo yanataka mtu, chumba, muda na mshahara. Mwanafunzi wa Cairo au Tokyo aliweza kupata alama za juu bila kutamka neno. Zilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya TOEFL yenyewe kuingiza sehemu ya kuzungumza, mwaka 2005, na hata hapo mtahiniwa alizungumza na kipaza sauti cha kompyuta.

Cha ajabu ni kwamba serikali ya nchi hiyohiyo ilikuwa na kipimo kizuri cha mazungumzo ndani ya nyumba. Katika miaka ya 1950 chuo cha wanadiplomasia wake, Foreign Service Institute, kiligundua kwamba maofisa wengi waliojiandika kuwa wanazijua lugha hawakuzijua. Kikaanzisha usaili wa ana kwa ana wenye ngazi kuanzia 0, asiyejua kitu, hadi 5, anayeongea kama mzawa aliyesoma. Baadaye Peace Corps ikakichukua kipimo hicho kwa vijana wake wa kujitolea, wakiwemo waliojifunza Kiswahili. Taifa lililoona mazungumzo ni gharama mno kuwapimia wageni liliyaona ni lazima kwa watu wake.

Upande wa Uingereza, British Council nayo ilikuwa na mtihani wa wanafunzi wa ng'ambo tangu katikati ya miaka ya 1960, usio na mazungumzo. Ukafuatiwa na ELTS mwaka 1980, ulioyarudisha mazungumzo na kuwagawa watahiniwa kwa fani, daktari na mambo yake, mhandisi na yake. Mwaka 1989 Waaustralia waliingia ubia, na jina likawa IELTS, hili linaloning'inia leo kwenye mabango ya vyuo vya lugha Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Mwanzoni mtahini wa IELTS aliachiwa uhuru mkubwa wa kuuliza apendavyo. Uhuru huo ndio uliokuwa tatizo. Mmoja alimsaidia mtahiniwa aliyekwama, mwingine alimwangalia tu, na watu wenye uwezo sawa wakatoka na alama tofauti. Mwaka 2001 mazungumzo yakaandikiwa maneno. Tangu wakati huo mtahini husoma maswali yaliyopangwa, na saa ikiwa mezani.

Anayeingia chumba hicho leo hukuta meza, viti viwili na kinasa sauti. Anaonyesha kitambulisho. Dakika nne au tano za mwanzo anaulizwa mambo ya nyumbani, kazi, chakula. Kisha anapewa kadi yenye mada, karatasi na penseli, na dakika moja ya kujiandaa, halafu azungumze peke yake hadi dakika mbili, akatizwe muda ukiisha hata kama sentensi haijafika mwisho. Mwisho ni mjadala unaotokana na mada ileile. Yote hayazidi dakika 14. Uso wa mtahini haukupi kitu. Haitikii kwa kichwa kama shangazi anayesikiliza habari za mjini, wala hasemi "vizuri". Watahiniwa wengi hutoka wakidhani wamemuudhi.

Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: mtiririko na mshikamano wa maneno, msamiati, sarufi, na matamshi. Hadi mwaka 2008 alama za matamshi ziliruka ngazi, 2, 4, 6 na 8, bila 5 wala 7, kama ngazi ya nyumba iliyokosa vipandio. Lafudhi yenyewe haiondoi alama ilimradi maneno yanaeleweka. Hili wengi hawaliamini. Kuna wanaotumia miezi wakibana pua mbele ya kioo ili wasikike kama watangazaji wa London, na matokeo yake ni kimombo kisichoeleweka na yeyote. Wengine hukariri majibu ya mada zinazosemekana zinakuja. Watahini wamefunzwa kumtambua mkariri, na si kazi ngumu: anatiririka kama maji ya bomba dakika nzima, akiulizwa swali dogo la pembeni anakauka.

Mazoea hayo yana chimbuko. Kenya, mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ulioanza mwaka 1989 kama IELTS, una karatasi ya kwanza ya Kiingereza yenye alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kuzungumza. Zinajibiwa kwa kalamu. Mwanafunzi huandika jozi za maneno yanayotamkwa sawa, hueleza angejiandaa vipi kutoa hotuba, hutaja makosa ya watu wawili wanaojibizana katika mazungumzo aliyochapishiwa. Ukumbi mzima unapimwa kuzungumza na hakuna anayefungua kinywa. Hoja ya gharama inaeleweka, kwa kuwa watahiniwa ni mamia ya maelfu. Lakini kumlaumu kijana huyo baadaye kwa kukwama mbele ya kinasa sauti ni kumwonea.

Dawa ya sikio la binadamu, walisema wengine, ni kuliondoa. PTE Academic, mtihani wa Kiingereza ulioanza mwaka 2009, hukabidhi sauti kwa kompyuta iitolee alama. Mwaka 2017 daktari wa mifugo kutoka Ireland, mwenye digrii mbili na Kiingereza cha kuzaliwa nacho, aliufanya mtihani huo akijaribu kupata ukaazi Australia. Sehemu ya kuzungumza alipata 74, ilhali zilihitajika 79. Kampuni yenye mtihani ilitetea mashine yake.

Uingereza nako mashine ilitumika kuwasaka wadanganyifu. Mwaka 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha vituo vya mtihani wa TOEIC ambako mtu mwingine aliketi kuzungumza badala ya mwombaji wa viza. Sauti zilizorekodiwa zikachunguzwa, na kati ya mitihani zaidi ya 58,000 asilimia 97 ikatiwa shaka. Maelfu ya wanafunzi walipoteza viza. Wapo waliodanganya. Wapo pia walioapa kwamba sauti ni yao, na baadhi yao walikuja kushinda mahakamani baada ya miaka ya kuhangaika.

Mwaka 2021 suala hili liliingia kwenye siasa za Nairobi. Kenya na Uingereza zilikuwa zimetia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi, ndipo Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliopelekwa kufanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Nchi nzima ilizungumza, wengine wakicheka. Uingereza ina orodha ya nchi zinazohesabiwa kuwa za wasemaji wa Kiingereza, ambazo raia wake hawaulizwi mtihani kwa ajili ya viza. Jamaika na Malta zimo. Nchi za Afrika hazimo.

Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza kupitia IELTS anahitaji 7 kwenye kuzungumza, kusoma na kusikiliza, na 6.5 kwenye kuandika. Tangu mwaka 2017 ana njia nyingine, OET, mtihani uliotoka Australia kwa ajili ya wahudumu wa afya. Hapo hasimulii safari aliyoifurahia. Anapewa kadi: tuseme mzee amegoma kulazwa, au mama anaogopa mwanawe kuchomwa sindano. Ana dakika tatu hivi za kuisoma na kuichorachora, kisha dakika tano za kumtuliza mgonjwa, kumwuliza anachokihofia, kumweleza dawa kwa lugha ya mtaani badala ya ile ya kitabuni. Halafu kadi ya pili.

Anayejifanya mgonjwa anakunja uso, anauliza mara mbili, anakataa, kisha analegea. Hatoi alama yoyote. Mazungumzo yanarekodiwa na kutumwa kwa wasahihishaji wawili wasioshauriana, wanaovaa vipokea sauti na kumsikiliza muuguzi wasiyemwona akimwambia mzee wa kuigiza kwamba hapana, baba, hatakatwa mguu.