Endtroducing: Venye DJ Shadow alijenga albamu nzima na santuri za mitumba

Anza na jalada. Wasee wako ndani ya duka la santuri mjini Sacramento, California, wamesimama katikati ya marafu, wanapekua. Hakuna gari, hakuna cheni, na mwenye albamu hata hayuko kwa picha. Walio hapo ni mabeshte zake, Chief Xcel wa Blackalicious na Lyrics Born, huyo wa pili amevaa wigi. Ni kama wewe upigie albamu yako picha Gikomba alfajiri, bale ikifunguliwa na watu wakigombania kamera. Ukishaelewa hiyo picha, umeelewa nusu ya Endtroducing.

Kwa kitambulisho, DJ Shadow ni Josh Davis, mzaliwa wa 1972, na mtaa alikulia unaitwa Davis pia (sijatunga). Huko ndiko alikutana na mbogi ya SoleSides, wengi wao wakizunguka kituo cha redio cha chuo, KDVS. 1993 akatoa In/Flux kupitia Mo' Wax, lebo ya James Lavelle ya London, na mwaka uliofuata gazeti la Mixmag likiongelea hiyo ngoma ndipo neno trip hop lilianza kushika. Albamu yake ya kwanza ikadondoka Uingereza Septemba 1996, Marekani Novemba. Alikuwa na miaka 24.

Sasa skiza hii. Karibu kila kitu unaskia ndani imekatwa kutoka kwa santuri za watu wengine. Dramu, besi, piano, kwaya, hata zile sauti za watu wakibonga. Kitabu cha Guinness baadaye kikaitambua kama albamu ya kwanza kutengenezwa kwa sampo pekee.

Na vifaa? Usicheke. Sampla moja ya Akai MPC60, mashine ya santuri, na rekoda ya ADAT. Kazi kubwa ilifanyiwa San Francisco, kwa studio ya nyumbani ya prodyuza mwenzake, Dan the Automator. MPC60 ikitoka dukani ilikuwa inabeba sauti ya sekunde kama 13 hivi. Ukiiongezea memori, 26. Vois noti ya mathe akikutuma sokoni inapita hiyo! Kwa hivyo Shadow hangeweza kuburuta ngoma nzima aiwekee kiki chini aite biti. Ilibidi achague kipande kidogo sana, akikate, akipange upya na kingine cha mtu ambaye hawajawahi kukutana.

Building Steam with a Grain of Salt ndiyo mfano safi. Ile piano inakurudia kichwani ni ya Jeremy Storch, mwimbaji ambaye wengi hawamjui. Yule mzee anaongea juu yake ni George Marsh, mpiga dramu, sauti yake imetolewa kwa rekodi nyingine kabisa. Midnight in a Perfect World imeshona Pekka Pohjola wa Finland na David Axelrod wa Los Angeles, na huwezi kuskia uzi. Organ Donor ni Giorgio Moroder. Kuna Metallica kwa The Number Song na Björk kwa Mutual Slump. Halafu kuna Why Hip Hop Sucks in '96, haifiki hata dakika, inauliza swali na kujibu kwamba shida ni pesa. Hapo sina la kuongeza.

Najua kuna msee tayari anasema huo ni wizi. Tubonge ukweli. Desemba 1991 jaji wa New York alimwangukia Biz Markie kwa kutumia kipande cha Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kusampo Marekani kukawa kazi ya mawakili. Hapa Kenya tuko na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ngoma moja huwa na haki mbili: kuna utunzi, na kuna ile rekodi yenyewe. Ukikata kipande cha rekodi unahitaji ruhusa za pande zote mbili. Na ile stori ya eti ukichukua chini ya sekunde saba uko sawa? Ni uongo. Hakuna sekunde za bure.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa nimetoka chuo, laptopu ya asaimenti imegeuka studio, nikakata gitaa ya benga ya zamani nikamuuzia biti rapa wa mtaa. Ngoma ilikaa mtandaoni siku nne, ikashushwa. Nilimrudishia pesa yake kwa mafungu, na bado tukipatana stejini hanisalimii vizuri.

Lakini usichanganye kuomba ruhusa na kuwa na kipaji. Hiyo ndiyo watu hukosea na hii albamu. Shadow hakupiga chombo chochote, na bado hakuna mtu mwingine angetoa hii kitu. Kazi yake ilikuwa maskio: masaa na masaa kwenye mavumbi, akiskiza vitu dunia ilishatupa. Kuna filamu inaitwa Scratch, ya 2001, inamuonyesha amekaa chini ya duka lile lile la Rare Records, marundo ya santuri yamemzunguka hadi dari. Anasema hapo ni kama rundo la ndoto zilizovunjika, na kwamba ukitoa albamu, ujue siku moja wewe pia utakuwa kwa hilo rundo. Mimi hupausha hapo kila nikiiona.

Kama uko Nairobi na hii stori imekuwasha, ingia Kenyatta Market. Kati ya moshi wa nyama choma na wasusi kuna duka la santuri, na ndani kuna benga na rumba zilizorekodiwa hapa hapa miaka ya River Road. Wenyewe au watoto wao wengine bado wako. Jina liko kwa lebo ya santuri, kwa hivyo unaweza kuwatafuta uulize kabla hujakata. Shadow alikuwa na bahati ya duka. Wewe uko na duka na namba za simu.

Ukiiskiza mara ya kwanza, usifanye hivyo kwa mat, hiyo besi ya watu itaimeza. Weka hedifoni usiku, anza na Building Steam, ruka uende Midnight, halafu urudi uanze mwanzo bila kuruka. Mwishoni kabisa kuna sauti ya kutisha imechotwa kwa Twin Peaks, ile tamthilia ya TV. Usizime kabla ya hapo.