Kiwiko cha Kibarua wa Miritini

Maradhi ya kiwiko yaliyopewa jina la tenisi hayakuanzia uwanjani. Mwaka 1873 daktari Mjerumani, Runge, aliyaeleza kwa watu walioshinda wakiandika. Jina la tenisi lilizuka Uingereza karibu miaka kumi baadaye. Miritini, Mombasa, ambako raketi ni nadra, historia yake ni ya kushika na kukaza. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipanda bara kupitia Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta kikaja 1963. Yakafuata magereji ya malori, yadi za makontena na, mwaka 2017, kituo cha reli mpya. Kontena lilimtua mchukuzi gunia, lakini fundi halikumtoa spana wala nyundo mkononi, na kila akazapo ngumi ni kano za upande wa nje wa kiwiko zinazovutwa. Nionavyo, kilichoshinda tiba hapa ni namna watu wanavyoajiriwa, maana ujuzi ulikuwepo zamani.

Pwani walijua kukanda: mafuta ya nazi au ya simsim yaliyopashwa moto, kuchua taratibu, pengine kuumika kwa chuku. Mwenye shaka atasema hilo ni liwazo tu, na kwa sehemu ana haki. Hata hivyo James Cyriax, daktari wa London aliyeandika kuhusu kiwiko hiki mwaka 1936, alijipatia sifa kwa kusugua kano kwa kidole, kazi ambayo mkandaji wa Changamwe asingeiona ngeni. Ushahidi wa kusugua umebaki hafifu kwa wote wawili. Mwaka 1979 Nirschl na Pettrone, wapasuaji wa Marekani, walionyesha kwamba kano hiyo huwa imechakaa, si kuvimba tu kama ilivyodhaniwa. Ndiyo maana fiziotherapia ya leo huipa kano kazi ya kipimo: uzito mdogo, kifundo cha mkono kikishushwa polepole, wiki baada ya wiki.

Wiki hizo kibarua atazitoa wapi? Hadi miaka ya 1950 bandari ya Mombasa iliajiri wengi kwa siku. Ilihitaji migomo kama ule wa 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947 serikali ianze kutafuta wafanyakazi wa kudumu. Nje ya lango la bandari ajira ya kutwa haijaisha, na anayelipwa kwa kutwa ana kila sababu ya kupenda sindano ya steroidi. Lakini utafiti wa Bisset na wenzake huko Australia, uliotolewa 2006 ukiwa na watu 198, ulikuta sindano ikiongoza katika wiki ya sita, na baada ya mwaka ikiwa nyuma hata ya wale waliongoja tu. Basi, mtu atauliza, kama kungoja kunaponya, fiziotherapia ya nini? Jibu ni kwamba waliongoja walikuwa wameshauriwa wasiuchokoze mkono. Hawakuendelea kugonga tairi za lori. Kungoja kwa namna hiyo kibarua hanako. Mpini mnene wa nyundo, kuinua mzigo kiganja kikitazama juu, kupokezana kazi nzito: haya yamo mikononi mwa msimamizi wa yadi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inayosajili wataalamu wa fiziotherapia haimgusi yeye.